Siku ya Kuwanywesha Sungura

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa teke na ndama, na Bwana Daktari wa Mifugo akaniambia nimshukuru ndama huyo. Alikuwa Mwingereza mrefu mwenye ndevu nyekundu, aliyejifunza Kiswahili jeshini wakati wa vita vya Wajerumani, kwa hiyo maneno yake yalitoka kama amri hata alipokuwa anaomba maji ya kunywa. "Amekufundisha mahali pa kusimama," alisema. "Mimi ningetumia mwezi mzima." Nikainuka, nikajipangusa mavi ya ng'ombe, nikaenda kusimama ubavuni karibu na bega, ambako mguu wa nyuma haufiki.

Hiyo ilikuwa miaka ya ishirini, katika kituo cha mifugo nje kidogo ya mji wa Shinyanga, upande wa Ibadakuli. Nilikuwa nimesoma kidogo misheni, na kwa kuwa nimezaliwa kwenye boma la ng'ombe nilidhani nawajua ng'ombe. Kumbe kuwachunga ni kazi moja na kuwatibu ni nyingine. Sisi wasaidizi tuliitwa madresa, jina lililoazimwa hospitalini, ambako dresa ni yule anayeosha na kufunga vidonda. Wenyeji walitutofautisha kwa njia yao: yule wa hospitali alikuwa Dresa wa Watu, na mimi Dresa wa Ng'ombe. Sikuudhika. Ng'ombe hawana maneno mengi.

Kazi ya kwanza niliyofundishwa ni kunywesha. Mabwana mifugo wa leo huchoma sindano wakaenda zao, lakini wakati wetu dawa nyingi zilipita kinywani. Dawa ya minyoo ya mbuzi na kondoo ilikuwa mrututu, yale mawe ya buluu, tuliyoyayeyusha katika maji na pengine kuchanganya na maji ya tumbaku. Chupa ilikuwa ya shingo ndefu, imeviringishwa kipande cha ngozi mdomoni isije ikavunjika kwenye meno. Unainua kichwa cha mnyama, lakini pua isipande juu ya jicho. Ukiinua zaidi, dawa huingia mapafuni, na mnyama atakufa maji akiwa nchi kavu. Kisha unasubiri ameze. Hapo ndipo wengi walipoharibu, kwa sababu kusubiri kunachosha kuliko kushika.

Baada ya dawa yenyewe, kwa aina nyingi za minyoo, hufuata dawa ya kuharisha. Mnyoo ukilewa dawa usipotoka hujisokota na wenzake na kuziba utumbo, na dawa yenyewe ikikaa tumboni hugeuka sumu. Bwana Daktari alilisema jambo hili kila asubuhi mpaka tukaliota. "Dawa ya kwanza inagonga mlango," alisema, akitutazama mmoja mmoja. "Ya pili inawatoa nje. Ukigonga bila kuwatoa, umewaamsha tu."

Wenye mifugo walitushangaa sana. Kwetu Usukumani nyoka ni nzoka, na mnyoo wa tumboni naye ni nzoka, neno ni hilo hilo. Siku moja upande wa Mhunze mzee mmoja alinishika mkono nilipokuwa nakoroga mrututu. "Ng'wanangu," aliniambia, "unasema mbuzi wangu wana nyoka tumboni, halafu unataka kuwamwagia maji ya buluu? Nyoka hupigwa fimbo." Tulicheka wote, yeye zaidi, maana alikuwa ananitania. Lakini nilijifunza kuuliza kila mara mtu ameelewa nini, si kama ameelewa. Ukimwuliza Msukuma mpole kama ameelewa, atakuitikia ndiyo ili usione haya.

Kutoka Shinyanga nilihamishiwa Kharumwa, chini ya Bwana Msaidizi wa Mifugo, mtu mkimya aliyependa farasi na kuwachukia wanadamu wote kwa usawa. Huko sina la kusimulia ila mbung'o na kutembea kwa miguu. Kisha, katikati ya miaka ya thelathini, nikapelekwa kwenye mgodi mmoja wa dhahabu sehemu za Geita. Watu walikuwa wanamiminika huko kutoka kila upande, wengine kwa hiari na wengine kwa sababu ya kodi. Mgodi ulikuwa na maksai wengi wa kukokota magari ya kuni za kuchochea mitambo, na mimi nilitumwa niwatunze. Sikujua kwamba watakaonifanya nisilale ni sungura.

Sungura hao walikuwa wa mke wa Bwana Meneja, tuliyemwita Memsahibu. Hawakuwa wale wa porini wa hadithi, wajanja wenye miguu mirefu. Walikuwa wa kufugwa, wanene, weupe na wa rangi ya majivu, wakiishi katika vibanda vya mbao vyenye wavu nyuma ya nyumba yake. Memsahibu aliwafuga kwa ajili ya binti yake aliyekuwa akisoma shule ya bweni Kenya, naye alikuja mara moja moja tu wakati wa likizo. Wachimbaji walipita wakitazama, wakitikisa vichwa. Mnyama asiyechinjwa, asiyekamuliwa, anapewa karoti! Wengine walisema ni uchawi wa kizungu, kwamba sungura wale ndio wanaonusa dhahabu ilipo.

Aliyewalisha alikuwa Maduhu, mtu wa upande wa Kharumwa. Alikuwa mchimbaji wa chini, shimoni, mpaka jiwe likamponda vidole vya mkono wa kushoto, na badala ya kufukuzwa akapewa sungura. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Aliishi kambini na mkewe na binti yao mmoja, Kabula, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno mapya ya mbele. Watoto wengine walikuwa wamezikwa Kharumwa. Maduhu hakuwataja, ila kila alipomtaja Kabula alisema, "Huyu niliyeachiwa."

Sungura walipoanza kukonda na kuharisha, Memsahibu aliniita. Nikatazama kinyesi chao nikaona minyoo. Bwana Daktari wa Mifugo alituma kutoka Shinyanga unga mweupe mchungu wa kuchanganywa na maji, na chupa ya mafuta ya nyonyo ya kuwanywesha baadaye ili watoe walichonacho. Nami nikagundua kwamba miaka yangu yote ya maksai hainisaidii kitu. Sungura ni mnyama wa ajabu. Hatapiki kamwe, ukikosea kipimo, kimeingia. Akirusha miguu ya nyuma huku umemshika vibaya, anajivunja mgongo mwenyewe. Na akiogopa sana hulia mara moja tu, sauti kama ya mtoto mchanga, sauti ambayo sikuwahi kuizoea.

Tulijifunza pamoja, mimi na Maduhu. Tulimviringisha kila mmoja katika kipande cha gunia laini, miguu yote ndani, masikio nje. Maduhu alimpakata, makalio ya sungura yakiwa yamebanwa kwapani mwake, na kwa ule mkono wenye vidole vibovu alikishika kidevu kwa upole ambao mkono mzima usingeuweza. Sungura ana mwanya mpana kati ya meno ya mbele na ya nyuma. Hapo pembeni, bila kumfumbua kinywa, unaingiza ncha ya bomba dogo lisilo na sindano, unasukuma tone, unangoja koo lipande na kushuka, unasukuma jingine. Jioni tunarudia vile vile kwa mafuta. Maduhu aliyaonja mafuta yale siku ya kwanza, akakunja uso. "Kwetu haya tunapaka mwilini," alisema. "Wazungu wanayanywa?" Nikamwambia yanaharisha. Akasema, "Basi ndiyo maana."

Katika wiki hizo Kabula alianza kuvimba tumbo. Nilimwona mwenyewe: mikono myembamba, macho makubwa, tumbo linang'aa. Alikuwa anasaga meno usingizini, na siku moja mnyoo ulimtoka mrefu kama kalamu ya risasi. Mama Kabula alimpeleka hospitali ya mgodi, akaambiwa hospitali ni ya wafanyakazi. Maduhu akaenda mwenyewe. Karani wa hospitali akamjibu, "Wewe ukiumwa, njoo. Mtoto hakuandikwa kazi."

Nikamwandama Bwana Msaidizi wa Mifugo alipopita kukagua maksai. Nilimweleza, nikamwomba anisemee. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Wewe ni wa mifugo," alisema. "Dawa tuliyonayo imepimwa kwa wanyama. Ukimpa binadamu, nitakufunga. Watu wana daktari wao." Alikuwa sahihi kuhusu kipimo. Lakini hospitali ya watu ilisema watoto si wake, na huyu alisema watu si wake, na Kabula alibaki katikati na tumbo lake.

Ilikuwa kwenye vibanda, tukimalizia kumnywesha dume mmoja mkaidi, Maduhu alipoyasema maneno yale. Memsahibu alikuwa amesimama nyuma yetu, akituhimiza tusimwumize. Maduhu hakugeuka. Alisema kwa sauti ya kawaida, akiwa bado ameshika kidevu cha sungura: "Bwana Dresa, basi mwandikeni mwanangu sungura."

Memsahibu alikuwa na Kiswahili cha jikoni, lakini hilo alilielewa. Uso ulimwiva. "Nani mtoto? Iko gonjwa gani?" Nikamweleza. Aliingia ndani, na kabla ya mchana gari la Bwana Meneja lilikuwa limeenda hospitali na kurudi. Mtoto atapokewa. Apelekwe kesho asubuhi, hajala kitu. Maduhu alipiga makofi ya shukrani, akasema "Wabeja, wabeja sana," akacheka, akamrudisha dume yule kibandani akimwita mkwe wake. Nami nilifurahi kama yeye. Siwezi kumvunjia Memsahibu heshima kwa siku ile. Alifanya ambalo sisi tulioajiriwa kutibu hatukuliweza.

Asubuhi Maduhu alikuja kuaga, ampeleke mtoto. Lakini binti wa Memsahibu alikuwa anafika siku iliyofuata, na Memsahibu alitaka sungura wote wawe wamepewa dawa ya mara ya pili, wawe safi, mtoto aweze kuwabeba.

"Hapana kwenda," alisema. "Sungura leo. Mtoto yangu nafika kesho. Bibi yako takwenda hospitali."

"Memsahibu," nilisema, "tuwanyweshe kesho alfajiri, kabla binti hajafika. Mama Kabula hajazoea watu wa hospitali."

"Dawa iko tayari huko. Kazi yake kuchukua tu. Nini ngumu?"

Kweli, nini kilikuwa kigumu? Mama Kabula alikwenda, mtoto mgongoni. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe baadaye, na Dresa wa Watu wa hospitali ya mgodi akanisimulia kwa upande wake, na hadithi zao hazikupishana hata neno moja.

Dresa wa Watu alikuwa mtu wa Pangani, kijana msafi wa kanzu na koti jeupe, mwenye Kiswahili cha kwao kinachoteleza. Alimnywesha Kabula dawa mwenyewe, akamsifu kwa kutolia. Kisha akampa mama chupa ndogo. "Haya ni mafuta ya mbarika," alimwambia. "Jua likipinda, mpe mafuta haya yote. Yote, mama, usimbakizie. Umeelewa?"

Mama Kabula aliitikia ndiyo. Neno mbarika hakulijua, lakini alipofungua kizibo njiani alinusa akayatambua: mafuta ya nyonyo, yale ambayo mama yake aliyakamua, yale aliyopakwa siku alipoolewa. Katika lugha yake, na katika nyumba yake, kumpa mtoto mgonjwa mafuta ni kumpaka, ili mwili ulegee na joto litoke. Hakuna aliyewahi kuyanywa. Jua lilipopinda alimlaza Kabula kwenye mkeka, akampaka. Alimpaka kichwani, mgongoni, tumboni akizungusha kiganja polepole, hata katikati ya vidole vya miguu. Aliambiwa yote, naye akayamaliza yote.

Kuuliza si ujinga, tunasema. Ni rahisi kusema. Mwanamke wa shamba mbele ya koti jeupe, akiwa amepewa kwa upendeleo kile alichonyimwa juzi, atauliza nini? Na anayejua jibu hana sababu ya kudhani kwamba kuna swali.

Watu wawili tu kambini pale, mimi na Maduhu, tulijua mambo yote mawili: kwamba Wasukuma huyapaka mafuta hayo na kwamba wazungu huyanywa. Saa ile mimi na Maduhu tulikuwa nyuma ya nyumba ya Bwana Meneja, tukiwanywesha sungura mafuta ya nyonyo tone kwa tone.

Tulipomaliza niliongozana naye kambini, nimjulie hali mtoto. Jua lilikuwa bado halijazama. Mama Kabula alikuwa amekaa mlangoni, akanyanyuka kunisalimu, akatabasamu. Kabula alikuwa amelala mkekani, anang'aa kuanzia utosini hadi nyayo.

Maduhu alisimama. "Amekunywa?"

"Kunywa nini?" aliuliza mkewe. "Dawa alipewa kule kule. Alisema kitu cha ajabu mchana, kwamba ukuta umekuwa wa manjano. Lakini nimempaka mafuta, ametulia."

Maduhu aliichukua chupa, akaigeuza. Haikutoa hata tone. Manjano ile ilikuwa dalili ya sumu: dawa ya minyoo ilikuwa bado mwilini, haikutolewa. Sijui kama mkewe alielewa wakati ule. Alikuwa anatutazama usoni, mara huyu mara huyu. Mimi nilikimbia. Nilirudi hadi kwenye vibanda vya sungura, nikachukua mafuta yaliyobaki na bomba, nikakimbia tena. Nilipofika degedege ilikuwa imemshika. Baba yake alikuwa amempakata kama tulivyozoea, kidevu mkononi, na mwili wa mtoto ulikuwa unamteleza kwa mafuta.

Nilijaribu. Nilikuwa nimenywesha maelfu ya wanyama, wakaidi, wenye pembe, wenye meno. Lakini taya zilikuwa zimekaza, na nilipotafuta pembeni mwa kinywa pa kuingizia ncha ya bomba sikupata. Sungura ana mwanya pale. Mtoto hana.

Tulimbeba kwenda hospitali. Dresa wa Watu alitupokea mbio, akatuuliza kama amepewa mafuta. Maduhu akamjibu, "Amepewa yote." Kijana yule akatutazama, akamgusa mtoto begani, akaviangalia vidole vyake mwenyewe. Akakaa chini sakafuni na koti lake jeupe. "Nilisema mpe," alirudia, "nilisema mpe mafuta." Kabula alikata roho kabla daktari hajaja.

Kesho yake binti wa Memsahibu alifika. Sungura walikuwa wazima wote, wanachezacheza. Memsahibu alipoambiwa alilia sana, kwa kweli, na akatuma sanda na sukari msibani. Sikumchukia. Nilitamani nimchukie, ingenisaidia, lakini kila nilipopanga makosa ya mtu katika jambo lile nilikuta kila mmoja alitenda wema: yeye aliomba, dresa alitoa, mama alipaka. Nilibaki na hasira isiyo na mwenyewe. Ninayo hadi leo, na ni hasira mbaya, inakula nyumbani kwake.

Maduhu hakuondoka. Watu walidhani atavunja vibanda au atawasonga sungura mmoja mmoja. Alikuwa na mkataba, na kuuvunja ilikuwa jela, kwa hiyo matanga yalipokwisha alirudi kazini. Mkewe alirudi kwao Kharumwa, hakuweza kukaa karibu na hospitali ile. Ulipofika wakati wa dawa tena, Maduhu alimviringisha sungura wa kwanza katika gunia, akampakata, akakishika kidevu kwa vidole vile vibovu. Mimi nilisukuma tone la mafuta. Alilitazama koo la mnyama kwa makini mno, kisha akasema, "Amemeza." Alisema hivyo kwa kila mmoja, kila tone, hadi mwisho. Kicheko chake sikukisikia tena.

Nilitumika miaka mingi baada ya hapo, chini ya mabwana wengi, Waingereza na hatimaye wenzetu, nikastaafu nikiwa na afya na meno yangu. Wanaoanza kazi huja kunisalimu. "Shikamoo mzee, tufundishe jambo," husema, wakitarajia niwaeleze mrututu na chupa za shingo ndefu. Huwaeleza, maana ni kazi nzuri na naipenda. Lakini kabla hawajaondoka humwuliza kila mmoja: utamwambia nini mwenye mnyama unapomwachia dawa? Karibu wote hujibu, "Nitamwambia ampe."

Hapo huwakalisha tena. Nawaambia lugha yetu si maskini kiasi hicho. Ina mnyweshe, ina mpake, ina mdondoshee, ina mlambishe, ina mchome. Kisha nawataka walirudie neno linalofaa, kwa sauti, mbele yangu, kama watoto wa chekechea. Wengine hucheka, wakidhani mzee anatania. Nawaacha wacheke, lakini mlangoni siondoki mpaka walitamke.